Uchumi wa Jirani

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa, na wala haipo karibu na kwetu. Msomaji akiona humu sura anayoifahamu, basi ameiona yeye kwa macho yake. Mimi simo.

Watu wa nchi ile walikuwa na kila kitu, ila hapakuwa na mtu wa kukiri kwamba anacho. Waliogopa kijicho kuliko walivyoogopa kipindupindu. Mtu akiwa anakula wali kwa kuku akasikia hodi, kuku aliingia uvunguni, mezani pakawekwa mchicha. Mgeni naye, ambaye harufu ya yule kuku ameipata tangu kwenye kona, alisema, "Poleni, naona mambo magumu." Mwenyeji akajibu, "Tunajikongoja tu, ndugu yangu." Aliyeezeka nyumba kwa vigae alivipaka matope. Aliyenunua gari alilisukuma mpaka nje ya mtaa ndipo akaliwasha, ili majirani wamwone anasukuma. Mtoto akizaliwa mzuri, waliokuja kumtazama walisema, "Masikini, mbaya huyu," na mama mzazi alishukuru kwa moyo wote.

Serikali ilitokana na watu hao hao. Kila mwaka Waziri wa Fedha alisimama bungeni na mkoba wa ngozi ya mamba, akatoa miwani, akakohoa, akasoma bajeti yote ya taifa: "Mheshimiwa Spika, hatuna." Wabunge walipiga meza kwa furaha hadi zikapasuka, na kwa kuwa hatuna, zikaagizwa nyingine za mninga kutoka ng'ambo. Wakopeshaji walikuja, wakaona matope juu ya mapaa, wakalia, wakaacha fedha. Fedha zile zilipokelewa kwa masikitiko makubwa.

Basi nchi hiyo ilikuwa na Chuo Kikuu, na ndani ya Chuo Kikuu palikuwa na Idara ya Uchumi wa Fedha. Mimi uchumi niliusoma kwenye karatasi za kufungia karanga, kwa hiyo msinihukumu, lakini nasikia ni elimu ya kueleza kwa nini hisa hupanda, akiba huzaa vipi, na hatari huuzwa kwa bei gani. Mkuu wa idara alikuwa Profesa Mwinshehe Kitogo, mtu mwenye kipaji kipana na roho nyembamba. Akisikia mwenzake ameandika makala, aliugua. Akisikia makala imesifiwa, alilazwa.

Idara ilikuwa na mila yake. Mwasisi wake alikuja na kitabu kimoja kinene, ukikiweka mlangoni upepo hauufungi. Alifundisha kitabu chote isipokuwa sura ya mwisho, maana mwanafunzi akijua yote, mwalimu atabaki na nini? Mwanafunzi wake hodari akawa profesa, naye akafundisha yote aliyofundishwa, isipokuwa sura ya mwisho ya hayo. Aliyefuata akafanya vivyo hivyo. Kila mmoja aliondoka duniani na sura yake. Kufikia zamu ya Profesa Kitogo, mtaala ulikuwa umebaki na dibaji, shukrani za mwandishi kwa mkewe, na nusu ya sura ya kwanza. Lakini urefu wa masomo haukupungua hata siku. Muhula mzima walikaa kwenye zile shukrani, na swali la mtihani lilikuwa: "Kwa nini mwandishi amemshukuru mke kabla ya mchapishaji? Jadili kwa kuzingatia hali ya soko."

"Na ile nusu nyingine ya sura, Profesa?" aliuliza mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa mbele.

"Imehifadhiwa," alijibu Profesa, akapapasa mfuko wa ndani wa koti lake.

Mwanafunzi huyo aliitwa Nyamizi. Mama yake alikaanga maandazi katika mtaa mmoja nyuma ya ghala la pamba, na siku Nyamizi alipochaguliwa kwenda Chuo Kikuu, mama alifunga madirisha, akacheza ngoma peke yake bila ngoma, kisha akafungua mlango akatangaza kwa sauti ya msiba kwamba mtoto amefeli, anakwenda mjini kujifunza cherehani. Mtaa ulimpa pole. Kwa huruma yao, majirani wakaanza kumlimbikizia nguo zilizochanika. Kila Jumamosi Nyamizi alirudi nyumbani, kichwani ana dibaji nzima, akakuta kilima cha suruali.

"Mama, suruali zote hizi?"

"Shona, mwanangu. Wanakuonea huruma. Anayeonewa huruma hatiwi jicho."

"Na nikipata shahada?"

"Utaificha. Baba yako alificha baiskeli mpaka akafa, na hatukupungukiwa kitu."

"Hakuipanda hata siku moja, mama."

"Lakini haikuibwa."

Nyamizi alishona huku amenuna. Alichokitaka si kazi benki wala gari la kusukuma. Alitaka siku moja mtu amuulize, "Binti, umesoma nini?" naye amjibu. Hicho tu. Ukikitazama ni kitu kidogo, lakini katika nchi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kukipata.

Tena palikuwa na kizuizi. Ili upate shahada ilibidi uandike tasnifu, na Profesa Kitogo aisaini kwenye ukurasa wa mbele. Tangu akalie kile kiti, hakuwa amesaini hata moja. Mbaya hakuzisaini kwa kuwa ni mbaya, na nzuri hakuzisaini kwa sababu anayoijua Mungu. Mabwenini walikuwamo wanafunzi wenye wajukuu. Wengine walistaafu uanafunzi, wakafanyiwa sherehe ndogo, wakapewa saa ya ukutani.

Nyamizi alipewa mada na Profesa mwenyewe: kupima utajiri wa kaya katika taifa lisilo nao. Profesa alicheka alipompa, cheko la mtu aliyemfungia mwenzake mlango kwa nje.

Akaanzia mtaani kwao. Alivaa utepe wa kupimia shingoni, kama fundi, akaingia nyumba hadi nyumba kuchukua vipimo vya magauni, na katikati ya kiuno na bega akauliza maswali ya utafiti. Kwanza alikwenda kwa Bi Mashavu, shoga wa mama yake, mwanamke mnene aliyekaa juu ya magunia yaliyofunikwa kanga.

"Inua mkono, mama. Hapa ndani mna akiba yoyote?"

"Akiba? Mwanangu, hata mende wamehama."

"Na magunia hayo uliyokalia?"

"Mchanga. Daktari kanambia nikalie mchanga, miguu inaniuma."

Mchanga ule ulikuwa ukinukia kama mchele wa Kyela. Nyamizi aliandika: hana. Nyumba ya pili: hana. Nyumba ya tatu mwenyewe alijifanya hayupo, akaitikia kutoka chini ya kitanda kwamba hayupo wala hana. Siku zikapita hivyo, daftari likajaa neno moja. Alirudi kwa Bi Mashavu kumpima mabega upya, amechoka, akasema maneno ya kufariji tu, kama tunavyosema sote.

"Basi tumshukuru Mungu, Bi Mashavu. Hata jirani yako Bwana Tindwa nimemkuta hali hiyo hiyo."

"Nani?" Bi Mashavu aliinuka kwenye mchanga wake, miguu ikapona. "Tindwa? Tindwa ana friji la nyama, halafu ana friji la kulipoza lile friji. Mbuzi wake wanakula chapati. Unamwona hasalimii watu? Meno yote dhahabu yule, anaogopa kufumbua mdomo jua likiwaka. Andika, mwanangu, mbona huandiki?"

Nyamizi akaandika mpaka adhana ya alasiri. Kisha akavuka kwa Bwana Tindwa, ambaye alikuwa na meno ya kawaida tena machache, akamuuliza habari za Bi Mashavu.

"Yule mama?" Tindwa alitazama huku na huku. "Chini ya jiko lake kuna mgodi. Usidhani anakaanga samaki, anayeyusha."

Hapo ndipo elimu ilipozaliwa, na inaniuma kwamba haikuzaliwa kwangu, maana nami nimekaa na majirani umri wote. Nyamizi aligundua kwamba ukimuuliza mtu mali yake utapata sifuri, na ukimuuliza mali ya jirani utapata mlima, na kwamba ukweli umekaa mahali fulani kwenye mteremko. Akazunguka nchi nzima na utepe wake. Akapima watu, akapima maneno. Akakaa chini akatafuta ni kwa kiasi gani wivu huikuza mali ya mwenzio, akaona huikuza kwa kadiri ukuta ulivyo mwembamba. Katika sura ya mwisho ya tasnifu yake alipunguza wivu wote uliozidi, na kilichobaki kikawa hiki: nchi ile ilikuwa na kitu. Si kingi, si haba. Kingetosha.

Akampelekea Profesa Kitogo. Profesa alisoma amesimama, akasoma amekaa, kisha akafungua dirisha apate hewa.

"Kazi nzuri," alisema kwa uchungu.

"Ahsante, Profesa. Utasaini?"

"Nzuri mno. Hapo ndipo penye kasoro. Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa na matezi ya koo, sikuweza kuandika kitu."

"Pole, Profesa. Utasaini?"

"Kalamu yangu imekwisha wino."

"Chukua yangu."

Profesa aliijaribu kwenye kiganja. "Yako inaandika vizuri kuliko yangu," alisema, na husuda ikazidi kumjaa usoni. "Iache hapa. Na kalamu iache."

Nyamizi alipotoka, Profesa alifuata mila ya idara. Alichomoa sura ya mwisho, ile ya kupunguza wivu, akaikunja akaitia mfukoni. Zilizobaki akaziandika jina jipya juu: Nadharia ya Jirani, ya Profesa Mwinshehe Kitogo. Wiki iliyofuata Nyamizi alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu, akamsikia redioni.

Profesa alihutubia mbele ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, Waziri wa Fedha, mabalozi, na kikundi cha tarumbeta. "Mtukufu Mlezi," alisema, "kwa unyenyekevu unaonistahili, nikiwa mtu wa kwanza, na pengine wa mwisho, kulifikiria jambo hili, nimebaini kisayansi, kimahesabu, na kwa mapana yake, kwamba taifa letu ndilo tajiri kuliko yote chini ya jua. Kila kaya, kwa ushahidi wa kaya inayopakana nayo, ina mgodi."

Mtukufu aliinama mbele. Hakuwa amepata raha tangu Mlezi wa nchi ya ng'ambo ya mto ajengewe uwanja wa ndege wenye ngazi zinazotembea zenyewe.

"Kwa hiyo mimi nawaongoza matajiri?"

"Wakubwa, Mtukufu."

"Kumshinda yule wa ng'ambo ya mto?"

"Yule ukimlinganisha na wewe, Mtukufu, anaomba."

Mtukufu alimkumbatia Profesa hadi miwani ikapinda. Amri zikatoka hapo hapo. Ikaundwa Wizara ya Majirani, yenye waziri, manaibu wake, na manaibu wa kuwachunguza manaibu. Maofisa wakagawiwa viti virefu vya kuchungulia juu ya ukuta. Taarifa ikatangazwa kwa mataifa yote, na bajeti ya mwaka ule ikasomwa na Waziri aliyevaa suti mpya: "Mheshimiwa Spika, tunazo." Aliposema hivyo alizimia, maana kinywa hakikuwa kimezoea.

Sasa msomaji mwenye akili ameshaona linalokuja. Wakopeshaji walifika tena, safari hii hawakulia. Walikaa vizuri, wakanywa chai, wakaulizia watoto, kisha mkubwa wao akasogeza kiti.

"Kwetu nako siku hizi mambo magumu, Mtukufu. Tunajikongoja tu. Tulikuwa tunaona, ndugu kama nyinyi mliojaliwa, mngetukopesha kidogo."

Walipoondoka, wakaja wengine. Mlezi wa ng'ambo ya mto alituma salamu kwamba anawatakia heri, na kila mtu aliyesoma salamu ile alihisi baridi mgongoni. Mvua ikachelewa. Kikundi cha tarumbeta kikapata mafua. Halafu Mtukufu mwenyewe akatoka chokea kwenye ukope, kubwa kama punje ya hindi, akajitazama kwenye kioo, akaelewa.

"Hiki ni kijicho cha kimataifa," alisema. "Nani katuanika?"

Profesa Kitogo alikuwa nyumbani anakunywa juisi ya karoti aliposikia king'ora kwenye kona. Mtu mwenye matezi ya koo hakimbii vile. Alipita uani, akaruka ua wa michongoma, akaingia bwenini kwa Nyamizi, jasho linamtiririka, tasnifu kwapani, muhuri mkononi, na kalamu ile ile.

"Mwanangu," alisema, "nimekuwa nikiitafakari kazi yako."

"Nimeisikia redioni, Profesa."

"Redio inachanganya mambo sana. Hii kazi ni yako. Tazama, nalifuta jina hili, sijui liliingiaje. Hapa nasaini. Hapa nami naandika: kazi hii ameifanya peke yake, bila msaada wangu, bila ushauri wangu, na bila mimi kuelewa hata mstari." Akasaini ukurasa wa mbele, akasaini wa pili, akapiga muhuri kila jani, akapiga na jalada la nyuma, akapulizia wino ukauke haraka. "Hongera sana. Wewe ndiye uliyesoma."

"Na sura ya mwisho, Profesa? Ukiirudisha hiyo, kila kitu kitaeleweka, hata Mtukufu atapoa."

Mkono wa Profesa ulikwenda kwenye mfuko wa koti, ukakaa juu yake. Askari walikuwa wanapanda ngazi. Ungemwona anavyopigana na nafsi yake mpaka mishipa inamtoka shingoni.

"Sura ipi?" alisema.

Wakamchukua Nyamizi na tasnifu yake yenye mihuri.

Tume iliketi katika ukumbi wa bunge, kwenye meza mpya za mninga. Mwenyekiti alikuwa jaji mzee mpole aliyetaka watu wote warudi nyumbani salama. Mama Nyamizi alifika na mikono bado ina unga, akaruhusiwa kusimama karibu na mtoto wake kwa kuwa alisema yeye si mama yake, ni mpita njia.

"Binti," alisema jaji, "sheria ni nyepesi. Nitakuuliza kama unayo elimu hii ya uchumi wa fedha iliyoliponza taifa. Ukisema huna, nani atakushtaki? Asiyenacho hana kosa. Tutaifuta saini, tutaichoma tasnifu, utarudi kwenye cherehani yako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mheshimiwa."

"Sema huna," alinong'ona mama, macho kayaelekeza ukutani. "Neno dogo tu hilo, mwanangu. Sisi wote tumeishi nalo."

"Tumeishi nalo, mama, na baiskeli imeota kutu."

"Nyamizi."

Jaji aliinua kichwa. "Nakuuliza basi. Elimu hii unayo?"

"Ninayo," alisema Nyamizi.

Karani alibaki na kalamu hewani. Mjumbe mmoja wa tume aliomba lirudiwe, huenda hakusikia vizuri, likarudiwa, akaomba maji. Jaji aliwatazama wenzake, wenzake wakazitazama kucha zao. Sheria zote za nchi ile zilitungwa kwa ajili ya watu wanaokana. Huyu hakuwa na kifungu.

Wakashauriana mpaka wakapata adhabu inayolingana na kosa. Mtu aliyelitia taifa machoni pa watu, naye atiwe machoni. Hukumu ikasomwa kwa sauti nzito: mfungwa atapelekwa Uwanja wa Taifa mchana kweupe, atavishwa joho jeusi refu na kofia bapa, ili aonekane hata na waliokaa mbali, ataitwa jina lake na la baba yake, yatasomwa hadharani yote aliyoyajua na yote aliyoyafanya, na wananchi wote, wakiwa wamekaa kwa mpangilio, watamkazia macho ya husuda mpaka anyauke.

Hakuna aliyeona ajabu. Tangu Profesa Kitogo ashike kalamu hapakuwa na mahafali, na waliowahi kuyaona walikuwa wameshasahau yanafananaje.

Siku ya adhabu nchi ilihamia uwanjani. Watu walikuja na watoto, na mikeka, na chakula walichokila kwa kujificha. Profesa Kitogo alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya jicho lake, ambalo serikali ilitambua ni la daraja la juu. Msoma hukumu alifungua karatasi.

"Nyamizi binti Masudi," alisoma. "Alisoma dibaji ikamtosha. Aliuliza swali ambalo hatukuliuliza. Alizunguka nchi kwa miguu. Aliandika tasnifu, ikasainiwa kila jani. Anajua uchumi wa fedha, na amekiri. Wananchi, mtazameni."

Wakamtazama. Mimi nimewahi kutazamwa vibaya nilipopandishwa cheo kazini, siku moja tu, nikatetereka. Lakini kule waliangalia kwa pamoja, nchi nzima, kwa roho moja, hadi ndege wakahama juu ya uwanja. Walitazama joho lilivyomkaa mabegani. Walitazama kishada cha kofia. Akina baba walimtazama, wakawatazama mabinti zao wenyewe, wakamtazama tena kwa uchungu zaidi. Profesa Kitogo alikaza jicho mpaka likamtoka machozi, akafuta, akakaza tena. Nyamizi alisimama jua la utosi, hakuinama, hakunyauka. Ningependa kusema alinyauka kidogo. Haikutokea.

Juu kwenye ngazi za watazamaji, Bi Mashavu alikuwa amekaa ubavuni mwa mama Nyamizi, na alihisi kitu kinapanda karibu yake, kama sufuria inayotaka kufura. Mama Nyamizi alikuwa ameanza kuinuka.

"Kaa chini, shoga," alinong'ona Bi Mashavu, akamvuta kanga. "Watajua ni wako."

Mama alibaki amesimama, kanga imebaki mkononi mwa mwenziwe. Alijaza kifua, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele kirefu kilichovuka uwanja wote hadi kwenye jukwaa la Mtukufu na chokea lake. Uwanja mzima uliacha kumtazama binti, ukageuka kumtazama yeye.

"Wangu huyo," alisema mama, kwa wote waliokuwa wanasikia. "Kasoma."

"Watakutia jicho, wewe mwanamke."

"Watie," alisema mama, akapiga kingine.